Skrubu ya Eldrid

Skrubu yenyewe haikuwa kubwa kuliko ukucha wa mtoto, lakini katika nyumba ya mzee Torleiv watu wazima wawili walikuwa wakiigombania kimyakimya tangu Jumapili. Mmoja akipita, anaikaza. Mwingine akipita, anailegeza. Ilikuwa ya ski, zile mbao mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji. Mwenye ski mwenyewe, Eldrid wa miaka mitano, alikuwa amesimama katikati ya jiko na mabuti yake mazito, magoti ameyakunja, mikono ameinyoosha mbele kama anayepokea sinia, akimhubiria paka: "Piza! Fanya piza! Piza!" Ndivyo watoto wa siku hizi wanavyofundishwa kufunga breki. Ncha za ski zikutane mbele, visigino viachane nyuma, umbo la kipande cha piza, nawe utasimama.

Mama yake, Solrun, alikuwa amepiga magoti kwenye ukumbi wa viatu, ski za binti yake mapajani, bisibisi mkononi. Kwenye kibano, kile chuma kinachong'ata kisigino cha buti (mwenzake wa mbele hung'ata ncha), kuna kidirisha cha plastiki, na ndani yake namba inayopanda skrubu ikikazwa. Namba ikiwa ndogo, mtoto akianguka kibano kinaachia mapema, ski inakwenda zake na mguu unabaki wake. Ikiwa kubwa, kibano kinang'ang'ania. Jana jioni Solrun aliiacha kwenye moja. Sasa ilisoma tatu na nusu.

"Baba!"

"Nini tena?" Mzee alikuwa mezani anakwangua jibini la kahawia, hata kichwa hakuinua.

"Umeigusa tena."

"Nimegusa nini? Mtu hagusi kitu nyumbani kwake?"

"Ni ski za mtoto wangu."

"Ni za mtumba," alisema Torleiv. "Kitu cha mtumba kinataka mkono wa mtu mzima. Ukikibembeleza kitakuumbua."

Kwamba ni za mtumba, hilo halikuwa siri. Solrun alizipata msimu wa majani kuanguka, siku ya kubadilishana vifaa pale ukumbi wa mazoezi wa shule, siku ambayo wenye nacho huleta walichokichoka na wasio nacho huja mapema kupanga foleni. Zilikuwa za mtoto wa meneja wa hoteli, dume la miaka tisa lenye mapaja kama magogo, na vibano vilifungwa kwa uzito wake. Solrun alizipeleka dukani kwa kampuni inayoendesha michezo ya mlimani, chini ya mlima, ili zipimwe upya kwa uzito wa Eldrid. Binti wa dukani hakuzishika hata kwa kidole. "Hatugusi ski ambazo hazikununuliwa hapa, mama. Likitokea la kutokea tutalaumiwa sisi. Lakini za kukodi tunazo, nzuri sana."

Za kukodi! Mlima ule ule ambako bibi yake Solrun alikuwa akikamulia mbuzi kila kiangazi. Kampuni ilipokuja kuutaka, wakubwa wa wilaya waliwaita watu ukumbini wakawasomea ahadi: watoto wa bonde hili watafundishwa ski bure, wote, daima dumu. Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga miguu chini. Mwaka wa kwanza walifundishwa wote. Baadaye ikawa wasioanza shule tu. Baadaye ikawa wenye helmeti zao. Sasa "wote" imekuwa watoto wanane, na hao wanane sharti kwanza wajaribiwe: ateremke mteremko mdogo peke yake, asianguke, asimame kwenye kamba ya chini. Anayeanguka arudi mwakani. Hivyo ndivyo ahadi inavyokufa, ndugu yangu. Haiuawi hadharani. Inapunguzwa kipande kwa kipande kama lile jibini la Torleiv, mpaka siku unayoitafuta unakuta ganda. Na mwakani Eldrid atakuwa wa shule, na kwa watoto wa shule nafasi hazipo tena. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi hii au basi.

Basi Jumapili wakaenda kufanya mazoezi kwenye kimlima nyuma ya kanisa. Eldrid aliteremka mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili ski ya kulia ikachomoka, ikaserereka peke yake mpaka barabarani, naye akabaki amekaa kwenye theluji kama mfuko wa viazi. Watoto wa jirani wakaangua kicheko. "Ski ya Eldrid imemtoroka! Imekwenda kumtafuta mwenyewe!" Eldrid alilia njia nzima. Na usiku haujaingia, mzee Torleiv alikuwa ameshaikaza skrubu.

Kwa Torleiv hilo lilikuwa na mizizi. Ujanani alikuwa akishindana, na siku ya kikombe cha bonde, zimebaki bendera mbili tu za kuzunguka kabla ya mwisho, ski yake ilichomoka. Kikombe kikachukuliwa na mtoto wa mwenye hoteli. "Ski ikitoka, umeshindwa," huisema kama watu wengine wanavyosema amina.

Lakini Solrun naye alikuwa na lake. Alikuwa na miaka minane baba yake alipofunga vibano vyake mpaka skrubu ikagoma kuzunguka. Theluji ilikuwa ya mvua. Ski ikazama, mwili ukazunguka, mguu haukuzunguka. Ule mlio anaukumbuka: kama kuni kavu unapoivunjia gotini. Torleiv alimwambia daktari ilikuwa barafu. Akamwambia mkewe ilikuwa barafu. Akawaambia watu wa kanisani barafu, na mpaka mkewe anazikwa ilikuwa bado barafu. Solrun hakusema kitu, kwa sababu mtoto hamwiti babake mwongo. Alikua, akazaa, akarudi kukaa chini ya paa la baba yake, na mguu wake wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia. Viatu vyote vya nyumba ile viko ukumbini kwa safu, na kisigino chake kimoja huisha kabla ya kingine. Kila mtu huviona. Hakuna anayesema.

"Baba, nisikilize," alisema sasa, amesimama mlangoni na bisibisi. "Ana kilo kumi na nane. Mtoto wa meneja alikuwa mara mbili yake."

"Akianguka mbele ya watu?"

"Aanguke."

"Watamcheka."

"Wamcheke."

"Na nafasi?" Torleiv aliweka kisu cha jibini chini. "Unapiga kelele kwenye mikutano kila mwaka, ahadi, ahadi. Halafu nafasi ikija unamtuma mtoto na ski zinazodondoka kama meno ya mzee."

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa na ukweli ndani yake. Eldrid akadakia kutoka jikoni: "Mama, mimi nataka ya babu! Ya babu haitoki!"

Solrun alirudi kwenye ski. Alizungusha skrubu zote mpaka kila kidirisha kikasoma moja, akatia bisibisi mfukoni mwa koti lake, akafunga zipu. Bisibisi nyingine nyumbani haikuwapo. Usiku ule alilala akijua mambo yamekwisha.

Jumamosi kulikuwa na baridi kavu, ile inayobana matundu ya pua. Asubuhi kabla ya kuondoka aliangalia vidirisha tena. Moja. Moja. Nyuma na mbele, moja. Walipofika uwanjani, Torleiv alisema, "Lete nizibebe mimi, wewe nenda kamchukulie fulana ya namba." Solrun akampa. Kwenye foleni ya fulana alikaa kuliko alivyotarajia, maana watu wa mjini wenye vibanda vyao vya mlimani walikuwa mbele wakiulizia tiketi na miwani ya theluji. Aliporudi, mzee alikuwa ameshamvisha mtoto ski na anampangusa kamasi.

"Haya, mwanajeshi wangu," Torleiv alimwambia. "Unakumbuka?"

"Piza."

"Na ukifika kwenye kamba?"

"Piza kubwa!"

Eldrid akasukumwa taratibu kwenye mkanda, ule mkanda mpana wa mpira unaopandisha watoto mlimani wakiwa wamesimama kama mizigo ya uwanja wa ndege. Akaondoka, mgongo umenyooka, helmeti kubwa kama chungu. Solrun akampungia mkono. Ndipo mzee aliposema, pole pole, kama mtu anayejisemea na moyo wake:

"Leo haitoki."

Solrun aligeuka. Baba yake alikuwa anamtazama mtoto, si yeye. Kwenye mkanda wa suruali yake kulining'inia kile kisu chake cha ala, kisu ambacho wanaume wa bonde lile huvaa hata kwenda kwa daktari wa meno. Kifungo cha ala kilikuwa wazi.

"Umefanya nini, baba?"

"Nimefanya kazi ya babu."

"Ngapi? Umeifikisha ngapi?"

"Mpaka ilipokataa."

Mpaka ilipokataa. Solrun alisikia ule mlio wa kuni kavu, palepale, mchana kweupe, na hakuna kilichovunjika bado. Alianza kupanda. Hakuwa na ski wala kadi ya mkanda. Alikanyaga pembeni mwa mteremko, mguu mmoja unazama, mwingine unateleza. Juu, watoto walikuwa wamejipanga nyuma ya bendera nyekundu, na mwalimu, kijana wa mjini aitwaye Preben, alikuwa anawaachia mmoja mmoja. Mbele ya Eldrid walibaki wawili. Halafu mmoja.

"Ngoja!" Solrun alipiga kelele. "Huyo mwenye fulana ya njano, ngoja!"

"Mama, wazazi hawaruhusiwi kuvuka kamba ya pembeni," Preben alisema kwa ile sauti laini ya watu waliofundishwa kutokasirika.

"Nimeshavuka."

"Naona. Ndiyo maana nakuambia."

"Vibano vyake vimekazwa. Nipe nafasi nivilegeze, halafu nifukuze."

Alipiga magoti kwenye theluji mbele ya mtoto. Eldrid aliona aibu mpaka masikio yakaiva. "Mama, ondoka! Watu wote wanatuangalia! Ondoka bwana!"

"Simama hivyo hivyo. Usisogee."

Kidirisha kilikuwa kimejaa namba kubwa kuliko zote. Solrun alitoa bisibisi, akaipachika kwenye skrubu, akazungusha. Ikateleza. Akabana tena kwa mikono miwili. Ikateleza. Ndipo alipoinama akaona: ncha ya kisu ilikuwa imekula ufa wa skrubu, imeupanua na kuuharibu, bisibisi ikawa haishiki tena. Kisu kilichoifunga ndicho pekee ambacho kingeifungua.

"Mama Eldrid," Preben aliita, "wenzake wanasubiri. Ama ashuke, ama tumpitishe wa nyuma yake na yeye tumfute."

"Anashuka!" Eldrid alisema. "Nashuka! Mama, niachie!" Akaanza kujisukuma. Solrun akaikamata ski kwa mikono yote miwili, akailalia kifua, na mtoto akampiga kichwani kwa glavu, pa, pa, pa.

"Baba!" Solrun aliita bila kugeuka. "Njoo na kisu chako!"

Chini kule watu waligeuka. Walimwona mzee Torleiv amesimama, mikono ndani ya mifuko.  Kisha akapanda. Hakuharakisha. Alipofika alikuwa anahema, na ndevu zimeshika barafu.

"Unamwaibisha mtoto," alisema.

"Ilegeze."

"Nimevifunga mimi. Najua ninachofanya na vibano."

"Na mguu wangu je, ulikuwa unajua?"

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, wala si kubwa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Lakini Preben alitazama kando, na akina mama wawili waliokuwa kwenye kamba ya pembeni wakatazama ncha za ski zao. Torleiv alifungua mdomo. Solrun alilijua neno linalokuja, alikuwa amelisikia maisha yake yote, na alimtazama baba yake machoni ili alisemee hapo, mlimani, mbele ya mjukuu.

Neno halikutoka. Mzee alivua glavu, akachomoa kisu, akapiga goti moja, lile bovu la uzee, kisha lile zima. Skrubu ililia kama panya. Ski ya kushoto. Ski ya kulia. Mbele, nyuma.

"Ngapi?" aliuliza.

"Moja."

"Moja itatoka."

"Itoke."

Torleiv akainuka akiegemea bega la Eldrid, na Preben akainua bendera.

Eldrid alishuka kwa hasira, na hasira si mwalimu mbaya. Piza ilikuwa pana, magoti yamekunjwa, akapinda kushoto vizuri, akapinda kulia vizuri zaidi. Solrun hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anaitazama miguu. Alikuwa anasubiri kwa masikio. Pale chini ambapo watoto wote walikuwa wamefunga breki palikuwa pamechimbika mfereji mgumu, na ski ya kulia ikaingia ndani ya mfereji ikabaki, na Eldrid akaendelea. Mwili ukazunguka.

Tak!

Ilikuwa plastiki. Ilikuwa kibano. Ski ilirukia hewani ikatua mgongo chini, na mtoto akabiringika mara moja akalala kifudifudi, hatua chache tu kutoka kwenye kamba ya chini.

Solrun hakumbuki alivyoteremka. Alipofika, Eldrid alikuwa ameshakaa, theluji mdomoni, anapiga miguu yote miwili chini. Yote miwili! "Ni wewe! Ni wewe, mama! Ningefika! Babu aliifunga vizuri na wewe ukaifungua!"

"Ndiyo," Solrun alisema huku akiupapasa mguu ule juu ya buti, juu ya goti, kila mahali. "Ni mimi."

"Sikupendi!"

"Sawa. Kunja goti. Nyoosha. Kunja tena."

Preben alikuja na ski iliyotoroka. Alikuwa na huruma ya kweli, na huruma ya kweli ya mtu asiye na madaraka haijazi kibaba. "Aliteremka vizuri sana. Lakini kanuni ni kanuni, mama. Akianguka, ni mwakani."

"Mwakani atakuwa shule. Wa shule hamuwachukui."

"Mimi sikuzitunga."

"Hakuna aliyezitunga. Kila ninayemuuliza hakuzitunga. Mlima mzima umejaa kanuni zisizo na baba." Solrun alisimama. "Ukumbini walisema wote. Nilikuwepo, nimekaa sakafuni mbele. Walisema wote."

"Mimi wakati huo nilikuwa sijazaliwa," Preben alisema, na kusema kweli hakuwa amezaliwa. Akarudi juu kwa watoto wake.

Eldrid aliinuka. Alifuta pua kwa glavu, akachukua ski yake, akaikanyagia buti mpaka ikalia, akajikokota mpaka kwenye mkanda. Mzee anayelinda mkanda, mtu wa bonde hilohilo aitwaye Gudmund, akaweka mkono mbele.

"Kadi yako, bibi mdogo?"

"Sina."

"Ile ya majaribio ilikuwa ya safari moja. Pole, mpenzi. Macho yao yako kila mahali," na Gudmund akaelekeza kidevu kwenye kamera juu ya nguzo.

Eldrid aliutazama mkanda. Akautazama mlima. Kisha akageuza ski zake zikalala ubavu kwa mteremko, akainua moja, akaikanyaga juu kidogo, akavuta nyingine ikafuata. Kama kaa wa pwani. Akainua tena. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Huko hakupandwi!" Gudmund aliita, ingawa bila nguvu. "Watanisema!"

"Waambie theluji imefunika ardhi," Torleiv alimjibu. Alikuwa ameshateremka, amesimama hapo na kofia mkononi. "Theluji ikishafunika, sheria ya zamani inamruhusu mtu kutembea apendapo, kwa miguu yake. Hiyo hawajaweza kutuuzia bado."

"Hujambo kwa maneno, Torleiv. Unaongea kama binti yako."

Torleiv alivaa kofia. Alipita pembeni ya mkanda akaanza kupanda nyuma ya mjukuu wake, mikono wazi kidogo, kama mtu anayefukuzia kuku bandani. Solrun akapanda pembeni yake.  Juu yao, kwenye mkanda, watoto wa watu walipita wamesimama, wanamtazama Eldrid anayepanda kama kaa, kana kwamba ni yeye aliyelipa.

Katikati ya mteremko ski ya kulia ilichomoka tena. Eldrid alikaa chini kwa kishindo na kuachia sauti. "Mnaona! Mnaona! Imetoka tena!"

Torleiv alifika kwanza. Akaiokota ski, akaigeuza, akaitazama skrubu iliyolika. Mkono wake ukashuka kwenye mkanda wa suruali, ukafika kwenye ala, ukakaa hapo juu ya mpini. Solrun alisimama. Aliutazama ule mkono wa baba yake, mishipa yake, kucha zake za manjano. Alilokuwa nalo alikwisha kulisema.

Mkono uliondoka kwenye kisu. Mzee alichukua buti la mtoto, akaliinua, akaligeuza chini juu. Theluji ilikuwa imeshindiliwa kwenye soli, imeganda kama chokaa, unene wa kidole; kibano hakikuwa na pa kushika. Akaikwangua kwa ukucha wa dole gumba, kipande kwa kipande, mpaka plastiki ikaonekana. Akaweka ski kwenye theluji, akaishika isiteleze.

"Kanyaga," alisema.

Eldrid akakanyaga.

"Kwa nguvu."

Akakanyaga kwa nguvu, na kibano kikaitikia.

"Sasa mguu ule mwingine. Lete nione soli."

Walipomaliza, Eldrid alipangusa uso, akatazama juu palipobaki, ambapo palikuwa pengi, akainua ski yake ya juu.

"Mama, usinishike," alisema.

"Sikushiki."

"Wala babu."

"Wala mimi," Torleiv alisema, na akabaki chini yake, mikono wazi.